Muulize Seremala: Vumbi, thina na boksi la barakoa lisiloisha

Toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza kwa nini mafundi samani wengi wana mafua yasiyokwisha. Nikamjibu kwa mistari miwili tu, kwamba vumbi la mbao si uchafu wa kupangusa na kusahau, lina madhara yake. Mistari ile miwili imeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika kuhusu viungio na gundi. Nimechagua chache, na zilizofanana nimeziunganisha. Kwa wasionijua: nimeshika randa miaka 34, nina vidole tisa na nusu, sikio la kushoto linasikia likitaka, na siku hizi nafundisha wanagenzi. Udaktari sijasomea. Panapohitaji daktari nitasema uende kwa daktari.

Mzee, shikamoo. Nina miaka 41, natengeneza kabati na vitanda, huu ni mwaka wa 19. Tajiri wetu alinunua boksi la barakoa lakini ukija karakana hutamkuta hata mmoja amevaa. Mimi mwenyewe nikivaa sifikishi nusu saa. Usiku nakohoa na kifua kinabana, ila siku za mapumziko napata nafuu. Sisi mafundi ni wakaidi tu? Na mimi nimeshachelewa? – Fundi kabati

Marahaba, mwanangu. Tuanze na huo ukaidi.

Kwa miaka mingi hata mimi niliwaita wanagenzi wangu wakaidi. Pale ninapofundisha kulikuwa na boksi la barakoa juu ya kabati la vifaa. Siku moja nikalishusha, nikakuta limefukiwa na vumbi kiasi cha kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Nilikuwa tayari kufoka. Kisha nikajiambia, ebu vaa wewe kwanza. Nikavaa moja, nikawasha mashine ya msasa, nikaanza kusugua uso wa meza. Haikufika dakika kumi miwani imejaa ukungu, jasho linachuruzika hadi kidevuni, na mwanagenzi aliponiuliza kitu ilibidi niishushe ndipo anisikie. Nikaishusha hadi shingoni. Ikakaa hapo mpaka jioni. Tangu siku hiyo neno ukaidi nimeliacha.

Jioni ile nikajitazama kwenye kioo. Kando ya pua, kuelekea mashavuni, palikuwa na michirizi miwili ya rangi ya mbao, utadhani nimelia unga. Ndipo hewa ilipokuwa ikipenya wakati nimeivaa. Ilikuwa barakoa nyepesi ya hospitali, yenye kamba za masikioni. Ile imetengenezwa kuzuia mate ya mvaaji yasimfikie mwenzake, na pembeni huwa imeachia. Wengi mmeniandikia mkisifu kitambaa kilicholoweshwa maji. Hicho kinashika chenga kubwa, unga laini unapita kama kawaida, na unga laini ndio unaofika ndani kabisa ya mapafu.

Tafuta barakoa iliyoandikwa FFP2 au N95. Ya kwanza huzuia angalau asilimia 94 ya chembe, ya pili asilimia 95, kwa hiyo usihangaike kuchagua kati yake. Ina kamba mbili, moja inapita juu ya masikio na nyingine nyuma ya shingo, na utepe wa bati wa kubinya puani. Ukishaivaa ifunike kwa viganja viwili utoe pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni, haijakaa, binya tena. Na kama unavaa miwani, nunua yenye vali, kile kidude cha plastiki mbele kinachofunguka ukitoa pumzi. Joto linatoka, ukungu unapungua. Kwangu vali ile ndiyo iliyoleta tofauti kati ya dakika kumi na saa nzima.

Hata hivyo barakoa ni kitu cha mwisho kufikiria, na hapa ndipo matajiri wengi wanapokosea. Wananunua boksi, wanaliweka juu ya kabati, wanaona wamemaliza. Ungeanza na vumbi lenyewe. Msumeno na randa hutoa chenga na maranda, vingi vinaanguka chini. Msasa ndio unaotoa ule unga unaoelea. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inapendekeza vumbi la mbao lisizidi wastani wa miligramu 1 katika kila mita ya ujazo ya hewa unayovuta kazini. Piga hesabu ya karakana yako. Ikiwa na upana wa mita 4, urefu wa mita 5 na dari ya mita 3, ni mita za ujazo 60. Miligramu 60 za unga zikielea humo, umeshafika kwenye kikomo. Unga wa kiasi hicho unakaa juu ya ukucha wa kidole chako cha mwisho.

Usiponiamini, fanya nilichofanya na wanagenzi wangu. Tulipiga msasa mpaka giza likaingia, tukazima mashine, tukasubiri nusu saa. Hewa ilionekana safi kabisa. Tukazima taa, nikawasha tochi nikaielekeza kutoka upande mmoja wa chumba. Ndani ya ule mwanga unga ulikuwa umesimama, unazunguka polepole, haushuki. Kijana mmoja akaziba pua kwa mkono bila kuambiwa na mtu. Kesho yake walianza wenyewe kugombania bomba la mashine ya kuvuta vumbi.

Kwa hiyo fungeni bomba la kuvuta vumbi kwenye mashine ya msasa. Acheni kupuliza meza kwa kompresa, maana mnalirudisha hewani vumbi lililokwisha kutulia. Msifagie kukavu, nyunyizeni maji kidogo. Halafu pangeni kazi: msasa wote wa siku ufanywe kwa mkupuo mmoja, saa moja au mbili, barakoa usoni, kisha mnavua na kuendelea na kazi za mkono. Hakuna binadamu wa kuvaa barakoa kutwa kwenye joto. Saa moja anayoiona mwisho wake, ataivumilia.

Sasa kifua chako. Kikohozi kinachokuja usiku na kupoa siku za mapumziko ni dalili inayojulikana ya pumu inayotokana na kazi. Inawadanganya watu kwa sababu mara nyingi huanza saa kadhaa baada ya kuvuta vumbi, ukiwa umeshafika kitandani, nawe unalaumu baridi. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika ulifanya kazi na mbao gani na ulikohoa saa ngapi. Mpelekee daktari daftari hilo, na umwambie unatengeneza samani hata kama hakukuuliza. Taja na mbao zenyewe. Mvule unajulikana kwa kusumbua vifua na ngozi, mtiki na mpingo huwasha ngozi, na mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini una asidi yake inayoleta pumu waziwazi. Kuchelewa hujachelewa. Ila pumu ya namna hii, mtu akiondolewa mapema kwenye kinachomdhuru, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi, na miezi inahesabika.

Mzee wetu, mume wangu ni fundi viti, yuko kwenye kazi hii miaka 26. Miezi mitatu sasa tundu la kulia la pua limeziba, na asubuhi mara mbili tatu nimeona damu kwenye leso yake. Yeye anasema ni vumbi tu. Nimesikia mbao zinaleta saratani. Ni kweli au ni maneno ya watu? – Mke wa fundi

Mama, kwanza mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, wiki hii. Mengine utasoma mkiwa kwenye foleni.

Ni kweli. Miaka ya 1960 daktari mpasuaji Esme Hadfield, aliyekuwa akifanya kazi High Wycombe, mji wa Uingereza uliojulikana kwa viti, aliona jambo la ajabu: wagonjwa wake wenye saratani adimu ya ndani ya pua walikuwa wakitokea viwanda vya samani mmoja baada ya mwingine. Yeye na wenzake walilifuatilia, na mwaka 1968 wakachapisha waliyoyakuta. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la 1, kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi ulio mzito zaidi unahusu mbao ngumu.

Usipoteze usingizi kwa hilo. Hata kwa maseremala saratani hii ni nadra, na huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Pua inayoziba pande zote mbili mara nyingi ni vumbi na mafua, kama anavyosema. Lakini upande mmoja, miezi mitatu, na damu juu yake, hapo hakuna fundi anayeruhusiwa kusema “ni vumbi tu”. Daktari ataingiza kifaa chembamba chenye kamera atazame. Ikiwa ni uvimbe wa kawaida, mtarudi mkicheka. Akigoma kwenda mwambie mimi ndiye niliyemtuma, na kwamba kiti kinaweza kusubiri.

Nguo za kazi azivue karakanani asije nazo nyumbani, wala asizipulize kwa kompresa zikiwa mwilini. Upepo ule unaweza kuumiza jicho, sikio, hata kupenya kwenye kidonda.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanagenzi, mwezi wa nne. Bosi anasema nivae glavu nikichana mbao kwenye msumeno wa meza ili nisichomwe na vibanzi. Rafiki yangu anasema nisivae. Nani anasema kweli? – Mwanagenzi

Rafiki yako.

Nilikuwa na miaka 23, nimevaa glavu ya kitambaa, nachana mbao nyembamba. Karakana ile sitaitaja. Kinga ya juu ya msumeno ilikuwa imefunguliwa na kutupwa pembeni kwa sababu ilidaiwa kuchelewesha kazi. Msumeno haukunishika kidole, ulishika uzi wa glavu. Kidole kilikuwa ndani yake. Sikusikia maumivu wakati ule, niliona tu glavu imekuwa fupi.

Karibu na kitu chochote kinachozunguka, yaani msumeno wa meza, mashine ya kutobolea au ruta, vua glavu, vua pete, kunja mikono ya shati juu ya kiwiko. Jitengenezee leo kijiti cha kusukumia mbao kutoka kwenye kipande cha plaiwudi, kitundike pembeni ya mashine. Mbao ikibakia nyembamba kuliko upana wa kiganja chako, sukuma kwa kijiti. Nyuma ya msumeno pawe na kile kisu cha kuitenganisha mbao iliyochanwa isije ikaubana msumeno na kurushwa kukurudia. Nawe usisimame moja kwa moja nyuma ya mbao, simama kando kidogo. Miwani ya kazi yenye ubavu, kila mara. Hii ya kusomea haikusaidii.

Glavu ina kazi yake: kubeba mbao mbichi zenye vibanzi, na kushika kemikali. Bosi wako ana nia njema, mwonyeshe ukurasa huu kwa adabu.

Baba, mimi napiga vanishi na kubandika sponji kwa gundi ya mpira. Chumba chetu kina dirisha moja. Mchana kichwa kinauma na najisikia kama nimelewa. Miezi hii vidole vya miguu vinakufa ganzi. Navaa barakoa ya vumbi kila siku, siivui. Nina ujauzito wa miezi minne. – Mpiga vanishi

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Ni wavu wa samaki mbele ya moshi. Umejitesa nayo kutwa, thina inaingia yote. Ya mvuke ni ile ya mpira inayokaza usoni, yenye makopo ya mkaa pembeni. Kwa viwango vya Ulaya kopo la mvuke wa thina na vanishi lina mstari wa kahawia, kwa Marekani ni mweusi. Ukianza kuisikia harufu ukiwa umeivaa, ama haijakaa ama mkaa umekwisha. Ukiiacha mezani usiku mkaa unaendelea kunywa harufu ya chumba, kwa hiyo ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa.

Lakini wewe nisingekutafutia barakoa. Wewe ungetoka kwenye chumba hicho. Ganzi ya vidole inaweza kuwa ni heksani, kiyeyushi kilichomo kwenye baadhi ya gundi za mpira, ambacho huharibu mishipa ya fahamu kuanzia miguuni na mikononi. Iache gundi hiyo leo, nenda kwa daktari ukiwa na jina lililoandikwa kwenye kopo, au piga picha ya lebo. Usishtuke ganzi ikiendelea kuongezeka wiki kadhaa baada ya kuacha, ndivyo ilivyo kabla haijaanza kurudi nyuma. Toluini, ambayo iko kwenye thina nyingi, inapita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni. Mkunga wako ajue unafanya kazi gani. Omba uhamishiwe kwenye kazi ya mkono, kushona vitambaa au kufunga vishikizo, mahali penye hewa, mpaka utakapojifungua na baada ya hapo tuzungumze tena.

Kwa wenzako wanaobaki: fungueni dirisha na mlango wa upande wa pili, feni itoe hewa nje, isiwapulizie usoni. Vanishi ile inayokuja na kopo la pili dogo la kuchanganya mara nyingi ina isosianeti, kemikali inayoifanya vanishi ikauke ngumu, nayo ikishakuletea pumu, hata kiasi kidogo baadaye kinatosha kukuzidishia. Hiyo isipulizwe kwenye chumba chenye dirisha moja, na kopo la mkaa pekee usilitegemee, kwa sababu isosianeti haina harufu ya kukuonya mapema. Msioshe mikono kwa thina, inapita kwenye ngozi na kuikausha hadi inapasuka. Sabuni na mafuta ya kupikia vinatoa vanishi vizuri tu ikiwa bado mbichi. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi msivikusanye kwenye kona. Vinapokauka vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka usiku bila kiberiti. Vitandazeni nje kimoja kimoja, au vitieni kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Fundi, habari za kazi. Nina karakana ya watu 11. Nimenunua vizibo vya masikio, miwani, barakoa, vyote. Vinapotea, wakivipata hawavai, wananiambia masikio yameshazoea. Nataka nianze kukata kwenye mshahara. Nakosea? – Mwenye karakana

Unakosea, ndugu yangu, ingawa hasira yako naielewa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ibara ya 21, unasema hatua za usalama na afya kazini hazitamgharimu mfanyakazi. Na ukiacha mkataba, jiulize: kizibo kikipotea ukamkata, kesho atakiri kwamba kimepotea? Atafanya kazi bila.

Umesema kwenye barua yako ndefu kwamba unawalipa kwa kila kiti wanachomaliza. Hapo ndipo penye jibu. Kila dakika fundi anayotumia kuvaa, kurekebisha, kufuta miwani, anaitoa kwenye mfuko wake. Walipe dakika kumi za asubuhi za kujiandaa na kumi za jioni za kusafisha, kisha uone. Boksi la wote nalo ni boksi la hakuna mtu. Kila fundi apewe kopo lenye mfuniko, limeandikwa jina lake, viwe vyake. Waache wajaribu aina mbili tatu wachague wenyewe, maana nyuso hazifanani.

Masikio hayazoei, yanakufa. Kikomo kinachotumiwa sana ni desibeli 85, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unagawanywa mara mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Msumeno wa meza ukichana mbao ngumu unaweza kufika 100, na hapo ni dakika 15 kwa siku nzima. Anayesema amezoea amekwisha kupoteza zile sauti nyembamba. Mimi nilijua siku mjukuu wangu aliponiambia simu yangu inalia mezani, mbele yangu. Wafundishe kuvaa vizibo vya sponji: unavisokota viwe vyembamba, unavuta sikio juu kwa mkono mwingine, unakiingiza, unakishikilia kwa kidole mpaka kitanuke. Wengi wanakibandika tu mlangoni mwa sikio halafu wanasema hakifanyi kazi.

Mzee, nimeambiwa mwenye ndevu hawezi kuvaa FFP2. Zangu nimezifuga miaka sita. Hakuna njia nyingine? – Mwenye ndevu

Ipo: kofia ya uso mzima inayopulizwa hewa safi na betri, hiyo haihitaji kukaza shavuni. Ni ghali na ni nzito kidogo. Vinginevyo, ndevu zinazopita chini ya ukingo wa barakoa zinaacha njia, na vumbi linazifuata. Za kidevuni ndani ya ukingo unaweza kubaki nazo ukizipunguza. Mimi zangu nilinyoa. Mke wangu alinitazama, akaniuliza nimemficha wapi mumewe.